Bolingi Kariakoo? Historia fupi ya sehemu za kujirusha

Mitihani imeisha, bumu limebaki la kuhesabu, na hoja iliyo mezani ni hii: tutoke siku moja, watu kumi hivi, tukacheze bolingi. Ile ya kwenye muvi, unapewa viatu vya ukumbi, unavingirisha tufe zito kwenye njia ya mbao, linaangusha pini kumi. Sharti ni moja: iwe katikati ya jiji au Kariakoo, maana nauli ya mwendokasi tunaimudu, ila kukodi bajaji mpaka Msasani na kurudi ni noma.

Kazi ya kutafuta nikapewa mimi, eti kwa sababu nasoma historia na napenda kuulizauliza. Nimezunguka siku mbili, kuanzia Posta mpaka Gerezani. Ukumbi sikuuona. Nilichopata ni sababu za kutokuwepo kwake, na hizo naona zinatuhusu kuliko hata pini zenyewe.

Pale Mtaa wa Msimbazi nilimuuliza mzee mmoja fundi viatu. "Shikamoo mzee. Maeneo haya kuna ukumbi wa bolingi?" Akaitikia marahaba, akaacha sindano, akacheka. "Bolingo? Umechelewa mwanangu. Bolingo ilikuwa zamani, na dansi lenyewe lilikuwa DDC." Nilitaka kumsahihisha nikaghairi, maana jibu lake lilikuwa bora kuliko swali langu.

Tuanze na mchezo wenyewe. Wajerumani, waliotutawala mpaka Vita Kuu ya Kwanza, kwao wana mchezo wa zamani sana wa kuangusha pini tisa. Wahamiaji waliupeleka Marekani, ukaingiliwa na kamari, na mwaka 1841 jimbo la Connecticut likaupiga marufuku. Inasimuliwa kuwa wajanja wakaongeza pini ya kumi ili wasiguswe na sheria. Kwa miaka mingi walikuwepo vijana wa kazi wanaokaa nyuma kusimamisha pini kwa mkono, mpaka mashine zilipoanza kuenea kwenye miaka ya 1950. Kwa hiyo ukumbi wa kisasa unataka mashine, vipuri, umeme usiokatika, na juu ya yote, nafasi.

Hiyo nafasi ndiyo kesi yenyewe. Kutoka kwenye mstari wa kurushia mpaka pini ya kwanza ni mita 18 na kitu. Ongeza sehemu ya kukimbilia na ya mashine, unafika kama mita 25. Njia moja, na pembeni zake, inakula karibu mita za mraba 40. Sasa wewe unayeijua Kariakoo nisaidie hesabu: hapo zinatoka fremu nne za mita tatu kwa tatu, zikiuza vitenge, simu na mabegi kuanzia asubuhi, na kila mpangaji amelipa kilemba kabla hata ya kodi. Mwenye nyumba gani atazivunja fremu nne ili mimi na wewe tuvingirishe tufe? Na ukumbi haujengwi kwa njia moja. Njia nane tu ni fremu zaidi ya thelathini.

Lakini bei ya ardhi si mwanzo wa hadithi. Dar ilikatwa vipande mapema. Tangu kanuni za ujenzi za Wajerumani za 1891, baadhi ya maeneo yaliruhusiwa nyumba za aina ya Ulaya tu. Waingereza wakaendeleza mtindo huohuo, ndiyo tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kariakoo, iliyopata jina lake kutoka kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, ikawa upande wa Waafrika. Katikati pakaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, kama ua wa kutenganisha. Starehe nazo zikafuata ramani. Klabu ya Gymkhana na viwanja vyake ilikuwa ya Wazungu. Dar es Salaam Club pale baharini vilevile. Jengo hilo baadaye likawa Hoteli ya Forodhani, kisha Mahakama ya Rufani. Majumba ya sinema kama Empire na Avalon yalikuwa Uhindini. Kijana wa Kariakoo akivuka Mnazi Mmoja jioni, alikuwa anakwenda kwenye mji wa wengine.

Hivi mnadhani watu wa Kariakoo walikaa wakashika tama? Thubutu! Walijitengenezea. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932. Yanga ikazaliwa 1935, na mwaka uliofuata wenzao ambao leo ndio Simba. Baadaye waliitwa Sunderland, na jina la Simba lilikuja 1971. Kulikuwa na vyama vya taarab kama Egyptian na Al-Watan, na vikundi vya ngoma vya akina mama visivyo na hesabu. Hakuna aliyesubiri kujengewa ukumbi. Uani kwenye nyumba ya Kiswahili palitosha, barabarani palitosha, na kwenye miaka ya 1950 ukaongezeka ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, uliobeba jina la tajiri wa Kigiriki aliyetoa fedha. Kitaa wakalifupisha, wakauita Anatoglo, na mpaka kesho ndiyo hivyo.

Hapa ndipo nataka mnisikilize, hasa nyie mnaosema starehe ni mambo ya watu wasio na kazi. TANU ilipozaliwa Julai 1954, ilihitaji kuwafikia watu ambao hawasomi magazeti na hawaji kwenye vikao vya wasomi. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed akaanza kuwaandikisha wanawake. Aliwapataje? Kupitia ngoma! Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi kilichoitwa Bomba (jina nalo bomba kweli), na vikundi vilikuwa na viongozi wao, michango yao, na mazoea ya kuitana na kukusanyika. Alizungumza na viongozi wa vikundi, nao wakaja na watu wao. Mtandao wa kujirusha ukawa mtandao wa uhuru. Siku hizi tunauita "mobilization" na kuusomea semista nzima, wenzetu waliufanya na kanga kiunoni.

Baada ya uhuru, serikali nayo ikaanza kuiangalia starehe kwa jicho kali. Oktoba 1968 vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana dhidi ya minisketi, mawigi na suruali za kubana, na hapohapo Kariakoo, kwenye vituo vya mabasi, wasichana walivamiwa kwa sababu ya mavazi yao. Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar. Na mwaka 2016 si mliwasikia viongozi wakiwafuata vijana wanaocheza pool saa za kazi? Kutoka Connecticut mpaka Kariakoo, mwenye madaraka akimwona kijana anacheza, anapata wasiwasi.

Hata hivyo, serikali hiyohiyo iliwapa watu kumbi. Bendi ya NUTA ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Ndiyo baba wa Msondo Ngoma. Shirika la maendeleo la jiji, DDC, likawa na kumbi zake, mmojawapo hapo Kariakoo, na bendi yake, Mlimani Park, Sikinde wenyewe. Kwa hiyo yule mzee fundi viatu alikuwa anasema kitu cha kweli. Kulikuwa na wakati ambapo mtu wa mshahara mdogo alitembea kwa miguu kutoka nyumbani kwake, akaingia ukumbini, akacheza, akarudi kwa miguu.

Kisha likaja soko huria. Televisheni za Bara zikaanza 1994, video zikajaa mitaani, sinema za mjini zikafungwa moja baada ya nyingine. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zile za vyumba sita na ua nyuma, zikaanza kubomolewa kupisha maghorofa ya biashara. Starehe mpya ikafuata wenye magari. Bolingi ambayo watu wa Dar wanaikumbuka ya miaka ya 2000 ilikuwa Sea Cliff, kwenye ncha ya Msasani. Nairobi nako ilikuwa Village Market, Gigiri, jirani na ofisi za Umoja wa Mataifa. Umeona ramani hiyo? Ni Uzunguni ileile. Tofauti ni kwamba zamani ulizuiwa na rangi, siku hizi unazuiwa na nauli na bei ya kuingilia.

Ninachosema ni hiki. Ua ukibomolewa, hatupotezi sehemu ya kupiga soga tu. Tunapoteza mahali ambapo watu wasio na fedha wanafahamiana, wanachangishana, wanachagua viongozi wao. Bibi Titi angeanzia wapi leo, kwenye ngazi za ghorofa la fremu? Ndiyo maana nafasi chache zilizobaki, kama bustani na uwanja wa Mnazi Mmoja, si "eneo lililo wazi" la kumezewa mate na mwekezaji. Ule uwanja uliwekwa ili ututenganishe, sisi tukaugeuza wa kukutania. Usitutoke.

Sasa ripoti kwa kamati. Wanaotaka tufe la kweli na viatu vya kuazima, wajichange wapige simu huko kwenye maduka makubwa kwanza, waulize bei kabla ya kupanda gari. Mimi napendekeza tubaki na mpira, chupa na mchanga. Dada zetu wamecheza rede kwa vitu hivyo hivyo tangu wako shule ya msingi. Chupa kumi za maji, kila moja mchanga robo, mpira mmoja wa miguu, tunazipanga pembe tatu. Kabla ya hapo tupite Msimbazi na Jangwani, wa Simba na wa Yanga wapigane vijembe mbele ya majengo yao, tule mihogo ya kukaanga na kachumbari.

Jumamosi saa nne asubuhi, kituo cha mwendokasi Ubungo. Anayekuja aseme mapema, na aje na chupa yake.