Nani Alisema Mtoto wa Miaka Miwili Amechelewa Kutoka Pampers?

Hapa Olympic, mtoto wa miaka miwili na nusu akiwa bado analala na pampers, kila mtu kwa ploti ana la kusema. Shosho anasema watoto wake wote walitoka nepi kabla hawajajua kutembea vizuri. Nesi anasema mwache, atakuwa tayari mwenyewe. Jirani anasema ni uvivu wa mama. Wote wanaongea ni kama kuna umri uliandikwa mahali. Mimi nasema hakuna. Huo umri umehamahama, na kila ukihama kuna sababu.

Tuanze Pwani yetu wenyewe. Mwaka wa 1977, jarida la madaktari wa watoto, Pediatrics, lilichapisha utafiti wa deVries na deVries kuhusu Wadigo. Mama Mdigo alikuwa anaanza mtoto akiwa na wiki chache tu. Anaketi chini nje, ananyoosha miguu, anamweka mtoto katikati akiangalia mbele, halafu anatoa sauti ya "shuu". Mtoto akikojoa, anapongezwa. Mchana hivyo, usiku hivyo. Kufikia miezi 5 au 6, watoto walikuwa wakavu kwa kiasi kizuri mchana na usiku. Lakini mtoto wa miezi 5 haendi choo mwenyewe. Ni lazima kuwe na mtu karibu wa kumshika, hata saa nane usiku. Ukavu ulikuwa kazi ya watu wawili.

Wazungu nao hawakuwa mbali sana na hiyo. Miaka ya 1930, kijitabu cha serikali ya Marekani kilichoitwa Infant Care kiliwaambia kina mama waanze miezi ya kwanza kabisa. Nepi zilikuwa za kitambaa, na kuzifua kulichosha. Halafu Pampers ikaingia sokoni 1961. Mwaka uliofuata, daktari T. Berry Brazelton akachapisha utafiti wa watoto 1,170, akasema msimlazimishe mtoto, mfuateni yeye. Watoto wake walikauka usiku wakiwa na karibu miezi 33. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huyo huyo Brazelton alitokea kwenye tangazo la Pampers saizi 6. Sisemi aliongopa, kwa sababu ushauri wake uliokoa watoto wengi na viboko. Lakini ujue kuna mtu anauza kila usiku mtoto wako akiendelea kuvaa.

Sasa leta hiyo hadithi Kibera. Hapa pampers inauzwa moja moja dukani, kama sigara. Maji ni ya kununua kwa mtungi, kwa hivyo kufua shuka kila asubuhi pia ni pesa. Choo kiko nje, na usiku si kila mama atathubutu kutoka. Mama anaondoka alfajiri kwenda kibarua, mtoto anabaki kwa dei kea. Nani atakaa akimfanyia "shuu"? Na pampers iliyotumika inaenda wapi? Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, lakini pampers haikuguswa. Angalia mitaro yetu.

Kitu kimoja tu hakijali historia, nacho ni mwili. Mchana mtoto anafunzwa. Usiku anangoja kibofu kikue na ubongo uanze kutoa homoni ya kutosha ya kupunguza mkojo akiwa amelala. Wengine wanawahi, wengine wanachelewa, na mara nyingi inafuata damu: kama baba alikojoa kitandani mpaka darasa la pili, usishangae. Wakiwa na miaka 5, karibu watoto 15 kati ya 100 bado wanalowesha usiku. Ndiyo maana madaktari hawaiiti shida kabla ya huo umri.

Kwa hivyo ile tabia ya kumwanika mtoto pamoja na godoro lake, mtaa mzima umwite kikojozi, iishe. Unampiga kwa kitu alichofanya akiwa usingizini. Mtoto akiamka na pampers kavu siku kadhaa mfululizo, mtoe. Tandika makintoshi chini ya shuka, mpeleke akojoe kabla ya kulala. Akilowesha wiki nzima, mrudishie, mjaribu tena baada ya muda. Na jirani akiuliza mbona bado, mwambie akuletee mtungi wa maji.