Ampli au programu? Hadithi ya mwenye vyombo

Jumamosi tunapiga kura, na mkutano uliopita uliisha kwa makelele, kila mtu anasema na hakuna anayesikiliza. Niliahidi kuandika kabla ya kura. Haya, hii ndiyo.

Kwa wale ambao hawakuwepo: kwenye sanduku la kikundi kuko shilingi 650,000 za Uganda. Kuna familia hapa Nakivale inayosafiri kwenda Canada na inauza ampli ya gitaa, ya valvu, wati 40, bado inanguruma vizuri. Bei yake inamaliza sanduku lote. Upande wa pili kuna wazo la kununua kadi ya sauti, kile kisanduku kidogo cha kuunganisha gitaa na kompyuta, halafu tutumie programu inayoiga ampli ndani ya laptopu ya kikundi. Hiyo itatuachia pesa za kamba na waya. Vijana wa jukwaani wanataka ampli. Wa kurekodi wanataka programu. Na katikati yuko Papa wetu wa solo, ambaye faili lake la kusafiri limeshapita hatua zote na anaweza kuitwa wiki yoyote. Tunataka kumrekodi kabla hajaondoka. Hilo ndilo linaloharakisha mambo yote.

Mnakumbuka tulijaribu mwezi wa pili. Tulichomeka gitaa moja kwa moja kwenye simu kwa waya tuliounga wenyewe. Papa akapiga sebene dakika nne, tukamsikilizisha. Akavua hedifoni polepole, akasema: "Hii haiko gitare yangu. Hii ni mbu." Tulicheka, lakini aliumia, niliona.

Kwa nini ilitoka sauti ya mbu? Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Tunadhani ampli ni kitu cha kuongeza sauti tu, kama vile redio unaizungusha kitufe. Sivyo. Gitaa la umeme lina sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara maelfu. Kamba ya chuma ikitikisika juu yake, umeme mdogo sana unazaliwa. Ampli inaukuza, lakini ikiukuza inaubadilisha pia: valvu zikisukumwa sana zinaanza kubana na kukwaruza kwa namna ambayo sikio linaipenda. Halafu spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 haiwezi kutoa sauti za juu kabisa. Ikipita kama hezi 5,000 inaanza kuzikata. Udhaifu huo wa spika ndio unaofanya gitaa lisikike la mviringo. Ukichomeka moja kwa moja kwenye mashine, zile sauti kali za juu zote zinabaki. Mbu.

Kwa hiyo swali letu si geni. Watu wamepambana nalo tangu zamani, na nyumbani kwetu Congo limepita pia.

Tuanze kabla ya umeme. Mwaka 1952 Hugh Tracey, muzungu aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alimkuta kijana Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, ambayo leo tunaiita Likasi. Gitaa la mbao, vidole viwili, sauti, maikrofoni. Basi. Mwenda alikuwa anaimba Kiswahili chetu cha Katanga, na rekodi zile zilisikika mpaka Nairobi na mbali zaidi. Hakuna aliyeuliza ni ampli gani.

Wakati huohuo Léopoldville mambo yalikuwa yanaanza kuchemka. Wafanyabiashara Wagiriki walifungua studio: Ngoma mwaka 1948, Loningisa mwaka 1950. Halafu akaja Mbelgiji mmoja mpiga gitaa la jazz, Bill Alexandre, na studio yake CEFA mwanzoni mwa miaka ya 1950, naye ndiye anayesifiwa kwa kuleta gitaa la umeme mjini. Kutoka hapo rumba ikabadilika kabisa. Gitaa lililokuwa likijificha nyuma ya sauti ya mwimbaji likapata nguvu ya kumjibu. Franco alikuwa kijana mdogo tu pale Loningisa, na mwaka 1956 akawa miongoni mwa waliounda OK Jazz.

Lakini angalia jambo hili, maana ndilo linalonisumbua tangu mkutano ule: vyombo vilikuwa vya nani? Vilikuwa vya studio. Mwanamuziki alikuwa na vidole, mwenye studio alikuwa na gitaa na ampli. Ukigombana naye, unatoka na vidole vyako. Wanamuziki wetu waliovuka kwenda Tanzania walikuta hali hiyohiyo. Remmy Ongala, mtoto wa Kindu, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye Super Matimila. Dar ya wakati ule bendi nyingi zilipigia vyombo vya mtu mwingine: bendi za jeshi, za polisi, za chama cha wafanyakazi, na zile za watu binafsi zenye tajiri wake. Ndiyo maana neno "mwenye vyombo" kwa Kiswahili cha muziki si neno dogo. Mwenye vyombo anaweza kukuvunjia bendi asubuhi moja tu kwa kufunga mlango wa stoo. Na kurekodi? Wengi walirekodi Radio Tanzania, bendi nzima ndani ya chumba kimoja, mara moja, zamu ikiisha mnatoka.

Naomba mlishike hilo, nitalirudia.

Sasa twende Marekani na Uingereza kidogo, maana ampli zote tunazozitamani zinatoka huko. Leo Fender alikuwa fundi redio wa California aliyeanza kutengeneza ampli miaka ya 1940. Jim Marshall alikuwa na duka la ngoma London. Mwaka 1962 yeye na mafundi wake walichukua muundo wa ampli ya Fender iitwayo Bassman, wakaufanyia marekebisho, ikazaliwa Marshall ya kwanza. Yaani hata Marshall ilianza kama nakala! Nawaambia hivi kwa sababu kuna ndugu alisema kwenye mkutano kwamba programu ni "feki" kwa kuwa inaiga. Basi wote waliiga.

Na hata enzi hizo kuna waliokwepa ampli. Detroit, kwenye chumba kidogo cha studio ya Motown, wapiga gitaa walichomeka moja kwa moja kwenye mitambo ya kurekodia, ili gitaa lisivuje ndani ya maikrofoni za wengine. Mwaka 1968 The Beatles walirekodi "Revolution" magitaa yakiwa yamechomekwa moja kwa moja kwenye meza ya studio, wakaizidishia mpaka ikapasuka. Ile sauti chafu inayosifiwa hadi leo haikupita kwenye ampli ya gitaa hata moja. Kwa hiyo mbu naye, akilishwa vizuri, anaweza kuwa simba.

Tatizo la nyumbani lilikuwa tofauti. Ampli ya valvu inataka kupigwa kwa nguvu ndipo iwe tamu, na nyumbani kuna majirani. Mtu aliyelishughulikia sana ni Tom Scholz, injinia wa kampuni ya Polaroid aliyekuwa akirekodi usiku kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Sehemu kubwa ya albamu ya kwanza ya bendi yake Boston, iliyotoka mwaka 1976, ilizaliwa humo. Baadaye akatengeneza Rockman, mwaka 1982: kisanduku cha kufunga kiunoni, kinatumia betri, unasikiliza kwa hedifoni. Fikiria, betri! Mtu wa Boston alikuwa anatatua shida ya mtu wa Nakivale bila kujua.

Mwaka 1989 Andrew Barta wa New York akatoa SansAmp, kisanduku cha mguuni kinachoiga ampli pamoja na spika yake kwa saketi za kawaida, bila kompyuta. Mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ikatoa POD, kile kitu chekundu chenye umbo la haragwe. POD ilikuwa kompyuta ndogo: ndani yake hesabu zinapigwa kuiga ampli nyingi maarufu, unachagua kwa kuzungusha kitufe. Wapenda valvu walicheka, huku wengine wakirekodi albamu nayo. Halafu hesabu zikahamia ndani ya kompyuta ya kawaida: AmpliTube kutoka Italia mwaka 2002, Guitar Rig kutoka Berlin mwaka 2004. Baadaye Mjerumani Christoph Kemper akatoa mashine inayosikiliza ampli yako halisi na kujifunza tabia yake. Na miaka hii ya karibuni kuna Neural Amp Modeler, programu ya bure kabisa, inayofanya kazi hiyo ya kujifunza, na watu duniani wanaiwekea faili za ampli zao wengine wapakue. Bure. Bando tu ndiyo utalipa.

Yule kijana Steve Lacy wa California alitengeneza nyimbo zake za mwanzo kwa iPhone na kiunganishi kidogo cha gitaa, na ni kwa njia hiyo alitengeneza mdundo wa "Pride" uliomo kwenye albamu ya Kendrick Lamar ya mwaka 2017. Kwa hiyo mtu asiseme haiwezekani.

Lakini nisiwadanganye, programu ina ugonjwa wake, na ugonjwa huo unaitwa kuchelewa. Unapiga kamba, sauti inaingia kwenye kompyuta, inahesabiwa, inatoka. Kama mashine ni nzito, sauti inakufikia baada ya kidole, na sebene haitaki hivyo, sebene ni saa. Sauti hewani inatembea kama sentimita 34 kwa milisekunde moja. Kwa hiyo ukichelewa milisekunde 10 ni kama umesimama mita tatu na nusu kutoka kwenye spika, jambo ambalo kila mpiga gitaa wa jukwaani amelizoea. Ukichelewa 100 ni kama umesimama mita 34, nje kabisa kwenye foleni ya maji. Simu nyingi za zamani za Android zilikuwa huko kwenye foleni ya maji. Hiyo ndiyo sababu nasema kadi ya sauti na laptopu, si simu.

Ampli nayo ina madai yake. Ya valvu ya wati 40 inakula zaidi ya wati 100 za umeme muda wote imewashwa, hata hujagusa kamba. Betri ya sola ya kituo inatosha laptopu jioni nzima. Kwa ampli, sijui kama tutamaliza nyimbo mbili kabla taa hazijaanza kufifia. Valvu zikiungua, za kubadilisha zinatoka Kampala, tukibahatika. Halafu ili kurekodi ampli unahitaji maikrofoni nzuri na chumba kimya, na chumba chetu kina bati juu. Mvua ikinyesha, tunarekodi mvua.

Najua mtasema Konono N°1. Kweli, wale wazee wa Kinshasa walitengeneza maikrofoni kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, wakapigia likembe kwenye spika za kupayuka, na mwaka 2004 albamu yao "Congotronics" ikashangaza Ulaya. Lakini walifanya hivyo ili wasikike barabarani, kelele za jiji zikiwazunguka. Ni kazi ya jukwaa. Na kwa jukwaa, mimi sibishani: ampli ile ingetusaidia kwenye harusi, na ingeweza hata kukodishwa ituletee pesa. Yaya aliyesema hivyo alisema kweli.

Swali ambalo hakulijibu ni hili: italala kwa nani? Hapa narudi kwa mwenye vyombo. Ampli ni moja, nzito, na mlango wenye kufuli ni mmoja. Kila mwaka watu wetu wanaondoka, wengine Canada, wengine Australia, wengine wanarudi nyumbani. Atakayelala nayo ndiye atakayeamua nani anapiga. Tumeshaona kwa kinanda kile, sitaki kufukua maneno. Programu ya bure inakaa kwenye kila kompyuta itakayopatikana. Kadi ya sauti peke yake ndiyo itakuwa na mwenyewe, na inaingia kwenye mfuko wa koti.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo lililonigeuza, maana mwanzoni mimi pia nilikuwa wa ampli. Ukirekodi ampli kwa maikrofoni, umeoa sauti ile. Mvua, bati, valvu mbovu, vyote vimeingia milele. Ukirekodi kwa kadi ya sauti, kinachohifadhiwa ni gitaa tupu, mbu mwenyewe, huku masikioni mwa Papa inasikika ampli ya programu, ya mviringo kama anavyotaka. Baadaye, mwaka kesho au miaka mitano, unaweza kumchukua mbu yule ukampitisha kwenye ampli yoyote, hata ile ya valvu tukiipata siku moja. Vidole vya Papa vitabaki vilevile, na ile kamba yake ya nne nyembamba ya mi-composé anayokataa kutufundisha mpaka tuwe na heshima.

Nilimweleza jana. Alinyamaza kidogo, akauliza tu: "Sasa mutaniwekea kama ile ya Nico?" Nikamwambia tutajaribu.

Kwa hiyo kura yangu mnaijua. Alhamisi saa kumi jioni nitakuwa kituoni na laptopu, na kuna ndugu wa Base Camp amekubali kutuazima kadi yake ya sauti kwa siku moja. Papa atakuja. Njooni msikilize kwa masikio yenu kabla ya Jumamosi, na mwenye hedifoni nzima aje nayo, zetu zinalia upande mmoja.