Vizuizi vya mifereji ya kalisi na maambukizi ya bakteria

Vizuizi vya mifereji ya kalisi ni dawa zinazopunguza kalisi inayoingia katika seli za moyo na misuli ya mishipa ya damu, hivyo mishipa hulegea na presha hushuka. Miongoni mwake ni amlodipini, nifedipini na verapamili. Si viuavijasumu, lakini hukutana na tiba ya bakteria kwa njia mbili: katika utafiti wa kifua kikuu, na katika mwili wa mgonjwa anayemeza dawa za aina zote mbili.

Utafiti

Bakteria wa kifua kikuu wakimezwa na makrofaji, yaani seli za kinga, huwasha pampu za utando wao na kuitoa nje dawa iliyowaingia. Hali hiyo huwapa ustahimilivu usiotokana na mabadiliko ya jeni, hivyo kipimo cha GeneXpert, kinachotafuta mabadiliko hayo, hakiwezi kuuonyesha. Mwaka 2011 kundi la Lalita Ramakrishnan, Seattle, Marekani, lilionyesha kuwa verapamili hupunguza ustahimilivu huo. Mwaka 2013 ilibainika kuwa panya walioongezewa verapamili juu ya tiba ya kawaida waliondokewa na bakteria mapafuni mapema zaidi. Utafiti wa 2018 ulionyesha kuwa verapamili huvuruga pia nishati ya utando wa bakteria.

Kikwazo ni rifampisini, nguzo ya tiba yenyewe. Majaribio ya Afrika Mashariki na Uingereza, yaliyotangazwa mwaka 1972, yalithibitisha kuwa dawa hiyo huwezesha kupunguza tiba kutoka miezi 18 hadi 6. Hata hivyo, huchochea vimeng'enya vya ini vinavyovunja verapamili, na kuongeza kipimo cha verapamili kunaweza kudhuru moyo. Ndiyo sababu watafiti wameigeukia norverapamili, zao la verapamili mwilini, isiyoathiri moyo sana.

Umuhimu kwa Kakamega

Katika Kaunti ya Kakamega, kama kwingineko Kenya, mtu mmoja anaweza kuugua presha na kifua kikuu kwa pamoja. Vimeng'enya vinavyochochewa na rifampisini huvunja pia amlodipini na nifedipini, hivyo presha yaweza kupanda ingawa mgonjwa hakosi kumeza dawa. Ni dhuluma kumlaumu kwa uzembe. Presha ipimwe mara kwa mara wakati wa tiba, na tena baada ya rifampisini kukoma, kwani kipimo cha dawa ya presha kilichoongezwa wakati wa tiba huweza kuishusha kupita kiasi.

Viuavijasumu erithromisini na klarithromisini hufanya kinyume: huzuia vimeng'enya hivyo, na dawa ya presha hujilimbikiza mwilini. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2013, ulihusisha matumizi ya klarithromisini pamoja na vizuizi hivi na ongezeko la madhara ya ghafla ya figo kwa wazee. Waliolinganishwa nao walitumia azithromisini, ambayo haina athari hiyo.

Hakuna kizuizi cha kalisi kilichoidhinishwa kuwa tiba ya kifua kikuu. Anayejinunulia verapamili kwa ajili hiyo anahatarisha moyo wake. Mwenye presha anayeandikiwa kiuavijasumu, iwe hospitali ya rufaa, zahanati au duka la dawa, aonyeshe dawa zote anazotumia kabla ya kupewa nyingine.