Banyambala Walikwenda Wapi?

Mwaka 2006, nikiwa na umri wa miaka tisa, niliichoma historia ya Tukuyu Stars kwenye jiko la mkaa.

Sikukusudia. Ndugu msomaji, kama hujafika Tukuyu, elewa kwamba mvua ya kule haibishi hodi. Inaingia, inakaa, na inaweza kukaa wiki nzima. Siku hiyo mkaa ulikuwa umelowa, mama alikuwa anataka maji ya chai, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kiberiti. Nikaingia chumbani kwa baba mdogo, nikavuta daftari moja kuukuu chini ya kitanda, nikachana kurasa tano, kumi, ishirini. Moto ukashika vizuri sana.

Jioni baba mdogo akarudi kutoka shambani, akaliona jalada tupu limebaki kando ya jiko. Akaliokota, akalifuta majivu.

"Unajua ulichochoma wewe?"

"Karatasi, baba."

"Umechoma mwaka mzima. Umechoma '86."

Hakunichapa. Laiti angenichapa, ningesahau. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba ndani ya daftari lile aliandika kila mechi ya Tukuyu Stars aliyoiona kwa macho au kuisikia kwenye redio: tarehe, uwanja, mabao, nani kafunga, nani kaumia. Baba mdogo alifariki mwaka 2015. Kwa hiyo haya ninayoandika leo ni deni. Ni kurasa chache za kulipia zile.

Basi twende pamoja. Ligi ya taifa ya kandanda ya Tanzania Bara ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, ambayo mwaka 1971 ilibadili jina na kuwa Simba. Tangu hapo kikombe kilikuwa mali ya Mzizima. Kikitoka Msimbazi kinakwenda Jangwani, kikitoka Jangwani kinarudi Msimbazi. Mara moja moja kiliponyoka: Cosmopolitan 1967, Pan African 1982, lakini hao nao ni wa Dar es Salaam hao hao. Kwa miaka 20 ya mwanzo timu moja tu ya mikoani iliyathubutu makubwa hayo, nayo ni Mseto ya Morogoro, mwaka 1975.

Halafu ukaja mwaka 1986. Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo chini ya mlima Rungwe, mji wa migomba na chai, ilipanda Ligi Daraja la Kwanza, ambayo ndiyo ilikuwa ligi ya juu kabisa enzi hizo, na msimu huo huo wa kwanza ikatwaa ubingwa wa Bara. Hapana, hujasoma vibaya. Ilipanda na kubeba. Washabiki waliwaita Banyambala, neno la Kinyakyusa lenye maana ya wanaume, na mwaka ule hakuna aliyebisha. Tena kumbuka, mwaka huo huo ubingwa wa Muungano, uliokutanisha timu za Bara na za Visiwani, ulichukuliwa na Majimaji ya Songea. Yaani vikombe vyote viwili vikubwa vya nchi vilikuja kulala huku kwetu kwenye baridi!

Na ule haukuwa mwaka wa neema, la hasha. Ulikuwa mwaka wa foleni za sukari na sabuni, mwaka ambao serikali ya Mzee Mwinyi ilitia saini masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Baba mdogo alikuwa akisema kwamba mwaka ule hawakuwa na kitu chochote isipokuwa timu.

Sasa swali langu: Banyambala walikwenda wapi? Ubingwa ule haukurudi tena Tukuyu. Wachezaji waliondoka mmoja mmoja, maana mchezaji mzuri wa mikoani ni kama ndizi mbivu, lazima lori la Dar es Salaam lipite. Salum Kabunda, yule waliyemwita Ninja, tulikuja kumsikia akiwa na jezi ya Yanga. Timu ikabaki jina, na jina likabaki kwa wazee.

Nilipokuwa kidato cha tatu pale Mbeya mjini nilidhani nimepata jibu. Jibu lenyewe lilikuwa na rangi ya zambarau. Mbeya City iliundwa mwaka 2011 chini ya Halmashauri ya Jiji, ikapanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 ikiwa na kocha Juma Mwambusi, na bwana wee, mji uliingia wazimu! Pale Mwanjelwa hata mama anayeuza viazi alivaa zambarau. Washabiki walikodi mabasi kuifuata timu mpaka Dar es Salaam. Msimu ulipokwisha Mbeya City ilikuwa ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, na Simba ikiwa chini yake.

Tarehe 13 Aprili 2014 baba mdogo alipanda basi kutoka Tukuyu, tukaenda wote Uwanja wa Sokoine. Azam walikuja kutafuta ubingwa wao wa kwanza na waliupata mbele ya macho yetu, 2-1. Wakati tunatoka, katikati ya lile vumbi na vuvuzela zilizonyamaza, mzee akaniuliza:

"Hii timu ni ya nani?"

"Ya Jiji, baba."

"Jiji ndiyo nani? Ana sura? Akihamishwa mkurugenzi, anayekuja naye ataipenda?"

Nilimwona mzee mkorofi. Timu imechukua nafasi ya tatu, yeye anauliza habari za mkurugenzi! Lakini mwaka 2023 Mbeya City ilifungwa na Mashujaa ya Kigoma katika mechi za mchujo ikashuka daraja, na haikurudi Ligi Kuu mpaka msimu wa 2025/26. Katika ile miaka miwili ya chini nililikumbuka sana swali lake.

Nikaenda kusoma chuo Iringa, nikalikuta swali lile lile likinisubiri kwenye jiwe la Gangilonga. Iringa wana Lipuli. Mwaka 2019 Lipuli, chini ya kocha Selemani Matola, iliifunga Yanga 2-0 pale Uwanja wa Samora katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Usiku ule Iringa haikulala. Fainali ikachezwa Lindi, Uwanja wa Ilulu, tarehe 1 Juni. Sisi tuliobaki tulijazana kwenye kibanda umiza, jasho linatoka Iringa, hebu fikiria, Iringa! Azam wakashinda 1-0, bao la Obrey Chirwa. Kama matokeo yangegeuka, Lipuli ingekwenda kucheza michuano ya Afrika. Mwaka mmoja tu baadaye, 2020, ikashuka daraja. Mshikaji wangu mmoja, Mhehe wa Kalenga, mtu asiyetoa machozi hovyo, aliniambia, "Kinachoniuma siyo kushuka. Kinachoniuma ni kwamba hakuna mtu wa kumuuliza."

Kisha likaja la Ihefu, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ihefu ni jina la bonde oevu la Usangu, wilayani Mbarali, maji yanayoulisha mto Ruaha Mkuu. Timu ilibeba jina la maji yale na kucheza kwenye uwanja wa Highland Estates, katikati ya mashamba ya mpunga. Tarehe 29 Novemba 2022, Yanga walifika pale wakiwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Wakafungwa 2-1. Oktoba 2023 wakarudi na kikosi kingine cha kutisha. Wakafungwa tena, 2-1! Mpunga haujali jina la mtu.

Miezi michache baadaye, katikati ya msimu, timu ikahamia Singida. Mwaka 2024 ikabadilishwa jina ikawa Singida Black Stars. Kisheria hakuna kosa. Mwenye mali kaamua, na mali ni yake. Sina ugomvi na watu wa Singida, nao wanapenda mpira kama sisi. Lakini bonde halihami. Yule kijana wa Ubaruku aliyekata tiketi mara mbili akaiona Yanga ikilala mara mbili, aliamka siku moja akakuta ushindi wake una anuani ya mkoa mwingine.

Nikaanza kujiuliza: hivi duniani hakuna mahali watu walipochukuliwa timu yao wakakataa? Nikasoma, nikatafuta, nikafika mbali, mpaka Japani.

Ligi ya taifa ya Japani nayo ilianza mwaka 1965, sawasawa na yetu. Timu zilikuwa za makampuni, za magari, za vyuma, za umeme, na wachezaji walikuwa wafanyakazi. Hapa kwetu tungesema ni akina MECCO ya Mbeya, iliyokuwa timu ya kampuni ya ujenzi, au akina Prisons, maaskari magereza waliotwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1999. Mwaka 1993 Wajapani wakaanzisha ligi ya kulipwa yenye klabu 10, wakaziambia: kila timu iwe na mji wake, na iitwe kwa jina la mji huo.

Mji wa bandari wa Yokohama ukajikuta na timu mbili: Marinos iliyotokana na kampuni ya magari ya Nissan, na Flügels iliyotokana na shirika la ndege la All Nippon Airways. Mwaka 1998 uchumi uliyumba, mfadhili mmoja wa Flügels akajitoa, na mwezi Oktoba ikatangazwa kwamba Flügels itaunganishwa na Marinos, yaani na mtani wake wa mji mmoja. Hebu vuta picha Yanga iunganishwe na Simba! Washabiki waliandamana na kukusanya saini. Wachezaji nao wakaendelea kushinda mechi za Kombe la Mfalme, moja baada ya nyingine, maana kila ushindi uliiongezea timu siku za kuishi. Tarehe 1 Januari 1999 walicheza fainali na Shimizu S-Pulse, wakashinda 2-1, wakainua kombe, na timu ikafa siku hiyo hiyo.

Ila washabiki hawakufa. Waliikataa timu ya muungano. Wakachanga, wakaandikishana, wakaunda klabu yao wenyewe, Yokohama FC, ikaanza chini mwaka huo huo wa 1999. Mwaka 2001 ikaingia daraja la pili la kulipwa. Mwaka 2007 ikacheza ligi kuu. Miaka minane kutoka matanga mpaka ngomani.

Sitaki kukudanganya kwamba hadithi yao ni asali tupu. Baadaye Yokohama FC nayo ilihitaji kampuni ya kuibeba, maana michango ya washabiki hailipi mishahara milele. Na sisi tusiwabeze wenye fedha: bila fedha Yanga asingefungwa pale Mbarali. Lakini tazama tofauti. Mwenye fedha wa Yokohama FC aliwakuta watu wameshakaa kwenye mkeka. Sisi huku mwenye fedha anakuja na mkeka wake, na akiondoka anaukunja.

Unajua kwa nini hakuna atakayeihamishia Yanga Singida? Siyo kwa sababu ya vikombe. Ni kwa sababu ina wanachama wenye kadi, wenye mikutano, wenye kelele, na hata mageuzi ya miaka hii yameacha sehemu kubwa ya hisa mikononi mwa wanachama. Mtu akijaribu, Jangwani patafurika watu kabla hajamaliza kusema. Tukuyu hapakuwa na kadi. Mbarali hapakuwa na kadi. Tulikuwa na mapenzi tu, na mapenzi yasiyoandikwa hayana shahidi.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi, vijana wenzangu mnaotaka kuwa waandishi. Wengi wetu tunaanza na mashairi ya mapenzi, na siyo vibaya. Lakini katika kila mji wetu, Tukuyu, Vwawa, Makambako, Mafinga, yupo mzee mmoja mwenye daftari chini ya kitanda, au hana daftari na amelibeba lote kichwani. Mwendee akiwa bado anakumbuka. Mpelekee sukari kilo moja, kaa naye, muulize nani alicheza namba tano, nani alichanga nauli, timu ililala nyumba ya nani ilipokwenda ugenini. Andika. Kisha mfungue daftari jingine, la wanachama wa timu ya mtaa wenu, hata wakiwa kumi, hata mchango ukiwa shilingi 500.

Mimi nimeanza. Mwaka jana nilipokwenda nyumbani nilimtafuta rafiki wa marehemu baba mdogo, waliyekuwa wakienda naye mpirani. Macho yake hayaoni vizuri, lakini nilipotaja '86 alikaa wima, akaanza kunitajia kikosi, kipa kwanza. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati, simsikii vizuri, nikasogeza kigoda nikaandika.

Alipofika namba saba akasita, akanitazama.

"Si kuna mwenzangu aliyeandika haya yote? Daftari lake liko wapi?"

Nikamwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, akaniagiza nisogeze jiko karibu, kisha akaendelea na namba nane.