Mighty No. 9

Mighty No. 9 ni mchezo wa video wa Kijapani uliotengenezwa na studio za Comcept na Inti Creates, ukatoka Juni 2016. Msimamizi wake, Keiji Inafune, alikuwa miongoni mwa wachoraji wa awali wa Mega Man, mfululizo wa michezo ya video wa kampuni ya Capcom ulioanza mwaka 1987. Inafune aliondoka Capcom mwaka 2010, na mashabiki waliokosa Mega Man mpya wakaweka matumaini yao kwake.

Michango ya kuutengeneza mchezo huo ilianza kukusanywa kwenye tovuti ya uchangishaji ya Kickstarter Agosti 2013. Lengo la dola 900,000 lilifikiwa ndani ya siku mbili; hatimaye watu zaidi ya 67,000 walitoa zaidi ya dola milioni 3.8. Kadiri fedha zilivyoongezeka ndivyo ahadi zilivyozidi, na mchezo mmoja ukalazimika kutengenezewa mashine chungu nzima. Tarehe ya kutoka iliahirishwa mara kwa mara.

Mchezaji humwongoza Beck, roboti anayempiga adui risasi mpaka adhoofike, kisha humchomokea kwa kasi na kufyonza nguvu zake. Wazo hilo ni zuri kwelikweli, na mchezaji mahiri hulifurahia. Lakini mandhari yalikuwa yamepooza, milipuko ilichorwa vibaya hata ikafananishwa na piza, na picha hazikukaribia michoro ya awali iliyowavutia wachangiaji.

Matoleo yaliyoahidiwa ya Nintendo 3DS na PlayStation Vita hayakutoka kamwe. Capcom yenyewe ilitoa Mega Man 11 mwaka 2018, ikapokewa vizuri zaidi kuliko Mighty No. 9.