Kupima Mionzi Inayovuja

Wahenga walinena: kikulacho ki nguoni mwako. Usemi huu wawaelekea barabara watumiaji wa kwanza wa eksirei, kwani walidhuriwa na kitu wasichokiona, wasichokisikia wala kukinusa.

Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hiyo mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi wa Novemba 1895. Tyubu za mwanzo zilikuwa za kioo kitupu, nayo mionzi ilienea chumba kizima. Aghalabu mtendaji aliweka mkono wake mwenyewe mbele ya tyubu ili aone kama inafanya kazi. Hivyo ngozi ya mwanadamu ndiyo iliyokuwa kipimo. Clarence Dally, msaidizi wa Edison huko Marekani, alipata vidonda visivyopona, akakatwa mikono, na mwaka 1904 akafariki.

Daktari wa meno wa Boston, William Rollins, aliitambua hatari hii mapema. Mwaka 1901 alionyesha kwamba mionzi yaweza kuua wanyama wadogo. Alishauri tyubu ifungiwe ndani ya kasha lisilopitisha mionzi, na mwaka 1902 akaeleza namna ya kulijaribu: bamba la picha likiwekwa nje kwa dakika 7 nalo likaingia weusi, basi mionzi yavuja kwa kiasi cha kudhuru. Kwa viwango vya leo jaribio hilo lilikuwa legevu. Hata hivyo, bamba lilikuwa limeshika mahali pa ngozi.

Mwaka 1928, mkutano wa wataalamu mjini Stockholm ulikubali kizio kimoja, röntgen, ili kipimo cha nchi moja kieleweke katika nyingine. Walimu wa Kiswahili hatuna budi kuukumbuka mwaka huo, kwani ndipo mkutano wa Mombasa ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu.

Siku hizi fundi huziba kabisa tundu la kutolea mionzi, akaizungushia kasha filamu ili kuufichua ufa wowote. Kisha hutumia chombo chenye hewa ambayo mionzi huitia umeme, akapima umbali wa meta 1. Kwa mashine za kupigia picha hospitalini, mvujo haupaswi kuzidi miligrei 1 kwa saa.

Hakuna kasha lisilovuja hata chembe. Muhimu ni kukijua kiasi chake. Mashine isiyopimwa humrudisha mtendaji kule kule kwa Dally, ngozi yake ikawa ndiyo kipimo.