Jiotekstaili

Kitambaa cha nyuzi za plastiki, kwa kawaida polipropilini au poliesta, kinachotandazwa ardhini ili kuimarisha udongo. Udongo hustahimili kushindiliwa lakini huachana ukivutwa. Kitambaa kilichofumwa hubeba mvuto huo. Aina isiyofumwa, nene kama blanketi, hupitisha maji na kuzuia chembe.

Katika pwani ya Mtwara, kazi hii ya kuchuja ndiyo yenye uzito zaidi. Kwenye tope la mikoko la Maingilio ya Mto Ruvuma, kokoto za tuta zisizotandikiwa kitambaa huzama na kuchanganyika na tope. Kwenye fukwe za mchanga kama Msimbati, ukuta wa mawe ukijengwa bila kichujio, mawimbi hufyonza mchanga kupitia mianya hadi mawe yakalala. Waholanzi walitumia vitambaa hivi kwa wingi katika kinga zilizojengwa baada ya mafuriko ya mwaka 1953.

Hata hivyo, eneo la Msimbati na Maingilio ya Mto Ruvuma ni Hifadhi ya Bahari tangu 2000, na mikoko hai hushika tope vizuri. Haifai kuikata kupisha plastiki. Mwanga wa jua huidhoofisha polipropilini, hivyo kitambaa hufunikwa mapema, kabla hakijachanika na vipande vyake kusombwa baharini.